TimelineJS kwenye somo la historia la shule ya msingi: inafaa, ila kamba itangulie

TimelineJS ni programu ya bure ya kutengenezea mstari wa wakati mtandaoni. Imetengenezwa na Knight Lab ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na tangu 2012 imetumiwa sana na vyombo vya habari. Mtumiaji hujaza jedwali la Google Sheets, programu hulisoma na kutoa ukurasa wenye sehemu mbili. Juu kuna slaidi moja moja yenye picha, kichwa na maelezo mafupi. Chini kuna ukanda wa miaka unaoonyesha kila tukio limekaa wapi. Hakuna msimbo wa kuandika wala kitu cha kupakua. Kwa mwalimu wa historia wa shule ya msingi hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu mstari wa wakati ndiyo nyenzo ya kwanza ya somo hili, na ule unaochorwa ubaoni hufutwa kipindi kikiisha.

Uamuzi wetu uko hivi: TimelineJS inawafaa watoto wa miaka 9 na kuendelea, kwa sharti kwamba wawe wameshaupanga mstari huohuo kwa mikono yao, kwa kamba na kadi, kabla kompyuta haijawashwa. Mwalimu anayeanza na programu atapata ukurasa unaopendeza, na watoto ambao bado hawawezi kusema lipi lilitangulia lipi, wala kwa muda gani.

Kazi mbili ambazo programu humnyang'anya mtoto

Mstari wa wakati humjengea mtoto stadi tatu. Anajua lipi lilitangulia, anajua umbali kati ya tukio na tukio, na anajua jambo lilidumu muda gani. Tarehe za kukariri huja baadaye, zikishapata mahali pa kukaa.

Tuanze na upangaji. Safu mlalo za jedwali zinaweza kujazwa ovyoovyo, 1973 juu na 105 chini, na TimelineJS itazipanga yenyewe kwa tarehe. Mwanahabari mwenye haraka atashukuru. Mtoto wa miaka 10, hata hivyo, ametolewa kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe, na haoni hata namna ilivyofanyika. Akikosea akaandika 1855 badala ya 1455, hakuna kitakachomshtua: tukio lake litakaa mahali fulani kwenye ukanda na kuonekana sawa tu na mengine.

Kazi ya pili ni kupima umbali. Ukibofya mshale wa kulia unatoka tukio moja kwenda jingine, na kila mbofyo unafanana na mwenzake. Katika mada ya mfano iliyo hapa chini, mbofyo wa kwanza unavuka zaidi ya miaka 3,000 na wa mwisho unavuka mwaka mmoja. Ukanda wa chini unaionyesha tofauti hiyo kwa haki kabisa, lakini macho ya watoto hayapo chini, yapo kwenye picha kubwa. Watoto waliopitishwa slaidi kwa slaidi bila maandalizi huondoka wakiamini kwamba matukio ya historia yameachana kwa nafasi sawa, na dhana hiyo ni ngumu kuing'oa ikishaota.

Mada ya kupimia

Historia ya kuandika na kupelekeana habari ni kipimo kizuri cha mstari wowote wa wakati, kwa sababu matukio yake yametawanyika vibaya. Tumetumia 12: mwandiko wa kikabari, yaani alama zilizogandamizwa kwenye udongo, huko Sumeri (Iraki ya leo), takriban 3200 KK, Jiwe la Rosetta, jiwe la Misri lenye tangazo lililochongwa kwa miandiko mitatu, 196 KK, karatasi ya Cai Lun katika ikulu ya China, 105 BK, herufi za udongo za kuchapia za Bi Sheng wa China, miaka ya 1040, Jikji, kitabu kilichochapwa Korea kwa herufi za metali, 1377, Biblia iliyochapwa na Gutenberg huko Ujerumani, takriban 1455, telegramu ya Samuel Morse kutoka Washington kwenda Baltimore, 24 Mei 1844, simu ya Alexander Graham Bell, 10 Machi 1876, ishara ya redio ya Guglielmo Marconi kuvuka Atlantiki, 12 Desemba 1901, simu ya mkononi aliyopiga Martin Cooper akiwa New York, 3 Aprili 1973, Wavuti ya Tim Berners-Lee kufunguliwa kwa umma, 1991, na ujumbe mfupi wa kwanza wa simu, 3 Desemba 1992.

Matukio sita ya mwisho, yaani nusu nzima, yameingia ndani ya miaka 148. Sita ya kwanza yamesambaa katika zaidi ya miaka 4,600. Mtoto akiuona msongamano huo na kuuliza umetoka wapi, somo la historia limeanza.

Kamba kwanza

Kata kamba ya mita 5 na nusu. Uzi mnene wa pamba au katani unafaa kuliko nailoni, kwa sababu nailoni huvutika. Ilaze sakafuni uipimie hapohapo, maana kamba iliyokwisha kuning'inizwa hulegea katikati na vipimo havikai. Kipimo ni sentimita 1 kwa miaka 10, kwa hiyo mita 1 ni miaka 1,000. Funga fundo la rangi kali kwenye sentimita ya 320 kutoka ncha ya kushoto. Hapo ndipo KK inapoishia na BK inapoanzia. Kuanzia hapo hesabu ni moja tu: mwaka ugawanywe kwa 10, jibu ni sentimita kutoka kwenye fundo, KK kwenda kushoto na BK kwenda kulia. Jiwe la Rosetta linakaa sentimita 19.6 kushoto mwa fundo, karatasi ya Cai Lun sentimita 10.5 kulia, Gutenberg 145.5, Morse 184.4. Leo ipo sentimita 202 na ushei kulia mwa fundo.

Vipimo hivyo wavitafute watoto wenyewe. Makosa yatakuwa mawili, na yote mawili yana faida yakitokea kwenye kamba. Wapo watakaoweka 196 KK kulia mwa fundo, kwa sababu wamezoea namba kukua kuelekea kulia. Wengine watadhani 196 KK ni ya zamani kuliko 3200 KK, kwa kuwa 196 ni ndogo. Kosa la namna hii kwenye kamba linaonekana kwa darasa zima, na mtoto analirekebisha kwa kusogeza kadi. Kwenye jedwali la kompyuta lingejificha nyuma ya alama ya kutoa inayowekwa mbele ya miaka ya KK.

Kuna na kosa la karne. Chanzo kikisema "karne ya 15", watoto wengi huandika elfu moja mia tano na kitu. Karne ya 15 ni 1401 hadi 1500. Liandikwe ukutani kwa herufi kubwa, liachwe hapo muhula mzima. Mwaka sifuri nao haupo: kutoka 5 KK hadi 5 BK ni miaka 9. Kwa kamba ya kipimo hiki tofauti hiyo haionekani, kwa hiyo itajwe mara moja kwa wakubwa na kupitwa.

Kadi za upana wa sentimita 10 hazitaenea pale mwisho. Kadi sita zinagombania sentimita 15. Usiongeze nafasi ili zienee! Zitundikwe kwa nyuzi za urefu tofauti, ya kwanza sentimita 5, inayofuata 15, halafu 25, zikishuka ngazi kwa ngazi. Msongamano huo ndio hasa unaotakiwa kuonekana.

Kujaza jedwali

Kwenye tovuti ya TimelineJS kuna kitufe cha kuchukua nakala ya jedwali-kiolezo, na nakala hiyo huingia kwenye Google Drive ya mwalimu. Data ya mfano iliyomo hufutwa. Safu mlalo ya kwanza, yenye vichwa, haiguswi. Watengenezaji wenyewe wanakataza mambo matatu: kubadili vichwa vya safu wima, kuondoa safu wima yoyote, na kuacha safu mlalo tupu katikati. Kishawishi cha kutafsiri vichwa hivyo kwa Kiswahili ili watoto wavielewe ni kikubwa, na ndicho kinachoua kurasa nyingi kabla hazijafunguka, kwa sababu programu huzitambua safu kwa majina hayo ya Kiingereza. Wape watoto fomu ya karatasi yenye vichwa vya Kiswahili kwa mpangilio uleule, nawe uhamishie kwenye jedwali.

Safu ya Year hupokea namba tupu. "Takriban 1455" haikubaliki, "1455 BK" haikubaliki. Miaka ya KK huandikwa kwa alama ya kutoa mbele: -3200. Month na Day nazo ni namba. Machi ni 3. Je, neno "takriban" litakwenda wapi, nalo ni neno la lazima katika historia? Kuna safu ya Display Date, na chochote kitakachoandikwa humo ndicho kitakachoonekana kwenye slaidi badala ya tarehe ya mashine. Andika humo "takriban 3200 KK". Safu hii imesahaulika sana na ni ya thamani, kwa sababu bila hiyo mtoto anaona mwaka mkavu na kuamini kwamba mwandiko wa kikabari ulizinduliwa siku moja, kama jengo.

Kichwa kwenye Headline kisizidi maneno 8. Maelezo kwenye Text yasizidi 50. Yakizidi, watoto hawasomi tena, wanaangalia picha na kusonga. Kila slaidi huchukua picha au video moja tu, na picha hiyo lazima iwe tayari mtandaoni. Kwenye safu ya Media hubandikwa anwani yake, na faili lililolala kwenye kompyuta ya mwalimu haliwezi kusomwa.

Kisha kuchapisha. Ndani ya Google Sheets fungua menyu ya Faili, nenda Shiriki, chagua Chapisha kwenye wavuti. Kumshirikisha mtu jedwali kwa kiungo ni kitu kingine, hakutoshi. Hapa ndipo wengi hukwama: dirisha la kuchapisha linatoa anwani yake, na mtu anaichukua hiyo. Iache. Anwani ya kubandika kwenye kisanduku cha TimelineJS ni ile iliyo juu ya kivinjari jedwali likiwa wazi mbele yako. Ukishaibandika, unachagua upana na kimo, unaangalia jinsi ukurasa unavyoonekana, unachukua kiungo. Marekebisho yoyote baada ya hapo hufanywa kwenye jedwali, na ukurasa hujisasisha wenyewe baada ya dakika chache. Hakuna haja ya kutengeneza kiungo kipya.

Safu ya End Year, ambayo wengi huiacha tupu

Ukijaza mwaka wa kuanza peke yake, kila tukio linakuwa nukta. Ukijaza na mwaka wa kuisha, alama ya tukio kwenye ukanda inavutika kufunika muda wake wote, na sura ya mstari inabadilika kabisa. Hapa TimelineJS inaizidi kamba ya kadi.

Mabamba ya udongo ya mwisho yanayojulikana ya mwandiko wa kikabari ni ya takriban mwaka 75 BK. Weka -3200 kwenye Year na 75 kwenye End Year, na ghafla mwandiko huo unafunika zaidi ya nusu ya ukanda, miaka zaidi ya 3,200. Hakuna chombo kingine katika orodha yetu kinachoukaribia umri huo. Telegramu nayo: kampuni ya Western Union ya Marekani iliacha kutuma telegramu mwezi Januari 2006. Weka 1844 hadi 2006, halafu weka simu ya Bell kuanzia 1876 hadi mwaka huu. Watoto wataona vitu viwili vikitembea sambamba kwa miaka 130. Hilo linavunja dhana iliyokita mizizi kwenye madarasa mengi, kwamba kila uvumbuzi ukizaliwa hufuta uliotangulia siku hiyohiyo. Badiliko na mwendelezo ni dhana ngumu kueleza kwa maneno mbele ya mtoto wa miaka 10. Kwa alama mbili ndefu zinazopishana, anaisema mwenyewe.

Safu ya Group hukusanya matukio ya aina moja kwenye kiwango kimoja cha ukanda. Makundi matatu yanatosha, tuseme kuandika, kuchapa na kutuma. Kwenye safu ya Type ukiandika era, unapata kipindi kilichotiwa jina juu ya ukanda bila slaidi. Vipindi viwili au vitatu, si zaidi.

Picha: hapa ndipo somo hupona au huharibika

Programu itakubali picha yoyote, na hilo ni tatizo la mwalimu, si la programu. Picha zote za sura ya Gutenberg zinazojulikana zilichorwa baada ya kifo chake. Ukiiweka mojawapo kwenye slaidi ya 1455 bila maelezo, umewaambia watoto kwamba hivi ndivyo alivyokuwa. Weka ukurasa wa Biblia yake. Kwa Morse, utepe wa karatasi uliopokea ujumbe wa 24 Mei 1844 umehifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani, pamoja na daftari ambamo Bell aliandika jaribio la 10 Machi 1876. Jikji ipo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris. Jiwe la Rosetta lipo British Museum, London. Hivi vyote vina picha mtandaoni, na kila kimoja ni ushahidi wa wakati wenyewe.

Kwenye safu ya Media Caption tumia kanuni ya mambo matatu: ni kitu gani, kilitengenezwa lini, kimehifadhiwa wapi. Ikiwa picha imechorwa muda mrefu baada ya tukio, mwaka wa kuchorwa uandikwe. Safu ya Media Credit ni ya jina la mpiga picha au taasisi, na isiachwe tupu. Mtoto anayezoea kuuliza "picha hii ilitengenezwa lini?" tayari anafanya kazi ya mwanahistoria.

Jambo jingine la kulinda ni neno "wa kwanza". Mstari unaoanza uchapaji kwa Gutenberg unadanganya kwa kunyamaza. Bi Sheng alitangulia kwa takriban miaka 400, na Jikji kwa karibu 80. Mchango wa Gutenberg ulikuwa kuziunganisha herufi za kusubu, wino wa mafuta na mashine ya kukandamiza katika mfumo mmoja uliofanya kazi Ulaya. Vilevile Cai Lun: wanaakiolojia wamepata vipande vya karatasi vya zamani kuliko 105 BK, kwa hiyo sentensi salama ni kwamba aliboresha utengenezaji wake na kuupeleka mbele ya mfalme. Kundi linaloandika "wa kwanza" liulizwe limejuaje, kabla ya safu mlalo yake kuingizwa.

Kuiendesha darasani

Darasa la watoto 48 hugawanywa makundi 12 ya watoto wanne, kila kundi tukio moja. Mmoja asome chanzo, mmoja apime kwenye kamba, mmoja ajaze fomu, mmoja achunguze picha. Kompyuta moja inatosha. Fomu zikiwa safi, kuhamisha safu mlalo 12 ni kazi ya kipindi kimoja, na ni vizuri ifanyike kwenye projekta mtoto mmoja wa kila kundi akisimamia namba za kundi lake. Watengenezaji wanashauri slaidi zisizidi 20. Kwa watoto, 12 ndiyo kikomo chetu. Zikizidi sana hapo, ukanda wa chini unakuwa kichaka.

Siku ya kuusoma ukurasa, usianze na slaidi. Funika sehemu ya juu ya skrini kwa kipande cha boksi, ubaki ukanda peke yake, na uulize maswali manne: matukio yapi mawili yamekaribiana zaidi, pengo kubwa zaidi lipo wapi, kitu gani kilidumu muda mrefu kuliko vyote, na je, ndani ya pengo hakukutokea kitu? Hilo la mwisho lipewe muda. Kati ya karatasi ya Cai Lun na herufi za Bi Sheng kuna uwazi wa zaidi ya miaka 900, na watoto wengi watasema watu walikuwa hawafanyi lolote. Kumbe uwazi huo umetokana na uchaguzi wetu wa matukio. Wape kazi ya kuujaza. Mojawapo ya majibu mazuri ni Sutra ya Almasi, maandiko ya dini ya Buddha yaliyochapwa China mwaka 868 kwa mbao zilizochongwa, yenye tarehe yake imeandikwa humohumo, na sasa yapo British Library. Safu mlalo moja inaongezwa kwenye jedwali, na baada ya dakika chache pengo linapungua mbele ya macho yao. Kadi mpya iende na kwenye kamba pia, sentimita 86.8 kulia mwa fundo.

Kitufe cha kukuza kilicho pembeni mwa ukanda kitumike baada ya maswali hayo. Ukikuza mapema, sentimita 15 zenye msongamano zinapanuka, matukio ya 1844 hadi 1992 yanapumua vizuri, na ule mshangao wa msongamano unapotea.

Tahadhari na mapungufu

Jedwali lililochapishwa kwenye wavuti linaweza kusomwa na yeyote mwenye kiungo. Kwa hiyo majina ya watoto, picha zao na jina la darasa havina nafasi humo, hata kama ni kazi yao. Watumie majina ya makundi. Akaunti ya Google iwe ya mwalimu. Watoto hawahitaji kufungua yoyote. Hili linahusu zaidi ile kazi maarufu ya mstari wa maisha ya mtoto mwenyewe, yenye tarehe ya kuzaliwa na picha za nyumbani. Hiyo ifanyike kwenye karatasi, ikae darasani.

Programu inategemea mtandao kila hatua. Jedwali lipo Google, picha zipo kwenye tovuti za watu wengine, na picha ikiondolewa huko, slaidi yako inabaki na nafasi tupu. Kagua viungo vyote siku moja kabla ya kipindi. Mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, piga picha za skrini za kila slaidi na za ukanda mzima, uzihifadhi au uzichapishe. Utapoteza kubofya na kukuza tu, na kwa maswali manne ya hapo juu hutavihitaji.

Kwenye simu slaidi zinasomeka, lakini ukanda unabanwa mno kiasi cha kutofaa kwa mada ndefu kama hii. Kwa mada ya miaka 50 au 100 hali ni nafuu. Ukiwa na simu peke yake, gawa mada iwe mistari miwili, mmoja wa kabla ya 1800 na mmoja wa baada, mradi watoto waambiwe kwamba mistari hiyo haina kipimo kimoja.

Kwa watoto wa chini ya miaka 9 hatuishauri. Wao bado wanajenga maana ya "kabla" na "baada", na miaka ya maelfu haina pa kushika. Wape picha tano za kitu kimoja kilichobadilika, kwa mfano simu ya kuzungusha namba, ya vitufe ya mezani, ya mkononi yenye antena, ndogo ya vitufe na ya skrini ya kugusa, bila tarehe yoyote. Wazipange mezani, na kila anayesogeza picha aseme ameona nini kwenye picha hiyo kilichomfanya aisogeze.